Rangi Haihukumiwi Kivulini

Kuna watu wanaoamini kwamba nyeupe ni nyeupe. Wapelekeni gereji. Wasimamisheni mbele ya gari lililogongwa mlango, mlango ukanyooshwa, ukapakwa nyeupe ya dukani jinsi ilivyotoka kwenye kopo, halafu waulizeni kama wanaona gari moja au mawili. Nyeupe ziko nyingi kuliko wajinga, na wajinga mnajua wenyewe walivyo wengi.

Mwanamke ninayetaka kumsema alizijua zote. Gereji nzima ilimwita Jicho. Jina alipewa na baba yake, mwenye gereji, siku alipomwona bado msichana akitia tone moja la nyeusi kwenye rangi ya fedha iliyowashinda mafundi tangu asubuhi, kisha akasema, "Sasa." Baba alipofariki gereji ikaenda kwa mdogo wake Jicho kwa sababu ni mwanamume, hakuna sababu nyingine, msinitafutie nyingine. Jicho akabaki na meza ya kuchanganyia rangi na kigoda chake mlangoni. Hakulalamika. "Mwacheni awe bosi," alisema. "Bosi asiye na rangi ni muuza vyuma chakavu." Huyo mdogo mtu tangu hapo akaitwa Bosi, na akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Jicho alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Anamimina, anadondosha, anakoroga kwa kijiti, midomo ikicheza bila sauti. Kisha anaweka tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Wengine hujaribia kwenye kipande cha bati. Yeye ukucha wake ndio ulikuwa bati. Anatoka nao juani, anaubandika kwenye gari pembeni ya palipogongwa, anatazama mara moja tu. Ukucha ukipotea, yaani ukishindwa kuona kidole kinaishia wapi na gari linaanzia wapi, kazi imekwisha. Baba yake alimwachia sheria moja, na alikuwa akiisema kila siku kama salamu: rangi haihukumiwi kivulini. Kivulini rangi mbili zisizoelewana hukaa kama ndugu. Juani ndipo zinapotoleana siri.

Maisha yakawa hayo, mpaka uvimbe ulipoonekana kwenye titi.

Titi likakatwa. Baada ya hapo zikafuata dawa za kutundikiwa kwenye mshipa, na aliyekaa naye muda wote huo alikuwa Kope. Huyu Kope ni binti wa Bosi. Mama yake alimwacha akiwa bado anatambaa, akaenda zake, na Jicho ambaye hakujaaliwa mtoto akamchukua, akamlea, akamfundisha kazi. Gereji wakamwita Kope kwa kuwa hakubanduka kwa Jicho. Wakati ule wa dawa alikuwa mwanamke mzima, na yeye ndiye aliyeshika beseni Jicho anapotapika, ndiye aliyemwosha mgongo, ndiye aliyezoa nywele kwenye mto wa kitanda. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu Jicho mwenyewe alilikumbuka hadi mwisho, na halikumsaidia mtu.

Dawa zile zikageuza kucha nyeusi, kisha zikaanza kung'oka. Ukucha wa gumba la kushoto ulibaki kwenye taulo. Siku ya kukatwa titi Jicho hakulia, lakini ukucha ule aliulilia mpaka akashikwa na kwikwi.

"Shangazi, ukucha utaota," Kope akambembeleza.

"Titi nilikuwa silifanyii kazi," Jicho akamjibu. "Huu nilikuwa naulia chakula."

Ukucha ukaota kweli, lakini ukaota na matuta. Rangi ikidondoshwa juu yake inatambaa kwenye mifereji na haitulii. Jicho akasema si neno, atajaribia kwenye vifuniko vya makopo kama watu wengine. Akarudi kwenye kigoda chake. Kilichobaki kilikuwa kidonge kimoja kila asubuhi, kwa miaka, cha kuuzuia ugonjwa usirudi.

Kidonge kidogo, lakini makuu yake! Kwanza kilimletea joto. Yuko anakoroga rangi, ghafla moto unampanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho linamdondoka kwenye kopo, na inabidi aache kila kitu akaweke kichwa chini ya bomba uani. Bosi akaona hapo pa kuchekea. "Dada, ukipata lingine niambie nikuanikie milango, ikauke haraka." Mafundi wakacheka, maana anayecheka ndiye anayewalipa. Kisha miguu ikaanza kukaza usiku. Kisha viungo vya vidole vikawa vinalia asubuhi anapofungua mifuniko. Yote hayo Jicho aliyabeba, tena kwa matusi, na matusi yalimsaidia.

Halafu kikafika kwenye macho.

Kilianza kama mchanga. Akipepesa anahisi punje. Baadaye taa za magari zikaanza kuota manyoya. Mwisho likaja lililomtia hofu ya kweli: jua likamsaliti. Akitoka nje na kifuniko chake, badala ya kuona zaidi anaona kidogo. Mwanga unamwagika mbele yake kama maziwa, gari linakuwa jeupe, kifuniko cheupe, mkono wake mweupe, na machozi yanamtoka. Akirudi ndani, kwenye kivuli, vitu vinajirudia mahali pake.

Kliniki walikuwa wamemwambia wazi: macho yakibadilika, njoo useme, usisubiri tarehe. Je, alisema? Thubutu! Siku ya tarehe daktari akamuuliza, mwanamke mpole yule, "Na macho je, mama?"

"Mazima kuliko yako, daktari."

Daktari akacheka, akaandika. Kope alikuwa amekaa kiti cha pembeni, amepakata pochi ya shangazi yake. Na hapo ndipo penye kisa chote, kwa kuwa Jicho hakuwa anamdanganya daktari. Alikuwa anamdanganya Kope. Aliamini kwamba Kope akisikia, Bosi amesikia. Na Bosi akisikia, kigoda kimekwenda. Tangu arudi kazini alikuwa amemsikia mara nyingi akiwaambia wateja, sauti ya juu kusudi, "Huyu dada yangu tumemweka tu, mgonjwa, utamfukuzaje ndugu." Akufukuzaye hakwambii toka. Jicho hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, titi moja, ukucha wa matuta. Alikuwa na jina na kigoda, na jina lilitokana na kigoda.

Akaihamisha meza. Asubuhi moja mafundi walimkuta ameisukuma kutoka mlangoni hadi ukutani ndani, karibu na mapipa ya thina ya kuyeyushia rangi. Akasema joto linamuua pale mlangoni. Nani atabishana na mwanamke anayetoka jasho kama chungu? Kope peke yake ndiye aliyeuliza.

"Lakini shangazi, babu si alisema rangi haihukumiwi kivulini?"

"Babu yako alichanganya rangi za zamani," Jicho akasema, hata hakutafuta maneno, yalikuja yenyewe. "Rangi za siku hizi jua linazitia chumvi. Kivulini ndiko zinakosema kweli. Shika hilo."

Kope akashika. Msichana yule hakuwahi kuwa na mwalimu mwingine. Alichojua kuhusu nyekundu na kijani alikijua kwenye meza ile, na tangu siku hiyo akajifunza kivulini, akahukumu kivulini, akaona fahari kujua jambo ambalo hata babu yake hakulijua. Uongo aliupokea kwa mikono miwili kama urithi.

Ukungu ukazidi. Ukafika wakati hata kivuli hakikumsaidia Jicho sana, manjano na nyeupe zikawa zinamchanganya, buluu ikamfia kabisa. Lakini ajabu, magari yakawa yanatoka mazuri. Wateja wanasifu. Bosi mwenyewe alipita siku moja akapiga mluzi, akasema, "Dada, bado umo." Jicho akafurahi kama mtoto. Akajiambia mkono unajua wenyewe, macho ni pambo tu. Hakujiuliza kwa nini kila joto linapompanda na kumpeleka bombani, akirudi anakuta kijiti kimelala upande wa pili wa kopo.

Hivyo mambo yakaenda mpaka lilipokuja gari la mwalimu mstaafu.

Lilikuwa gari la zamani, nyeupe ya maziwa, na bibi yule alilitunza kuliko wengi wanavyotunza waume. Mtu alikuwa amemkwaruza ubavu mzima. Jicho akachanganya. Kope akainama juu ya kopo, akanong'ona kwa adabu, "Shangazi, naona inataka tone la buluu."

Laiti asingenong'ona mbele ya mafundi. Fundi bodi alikuwa hapo, anayegonga mabati, mtu wa mdomo mchafu, na aliinua kichwa. Jicho akahisi amevuliwa nguo.

"Wewe umeanza lini kuona?" akamwambia Kope. "Kichwa hicho umepewa cha kusukia nywele. Mama yako alikutazama mara moja tu akakuona huna faida, akakimbia. Mimi mjinga ndiye niliyebaki kuokota."

Hata fundi bodi alitazama chini. Kope alikiweka kijiti mezani, akakipangusa kwanza, akaenda kusugua msasa kwenye gari jingine. Na joto lilipompanda Jicho, akaenda bombani kama kawaida, akarudi, na safari hii kijiti kilikuwa palepale alipokiacha.

Gari likapulizwa. Likakauka. Mwalimu akaja na kitambaa chake cha kufutia, wakalisukuma nje.

Mlango ulikuwa siagi. Gari maziwa, mlango siagi, na fenda ya mbele siagi vilevile. Jua lilikuwa la saa sita, halina huruma na mtu. Mwalimu akazunguka gari lake polepole, akauliza, "Hili limeazimwa koti la nani?"

Fundi bodi akaangua kicheko. Bosi akageuka. "Nani kachanganya hii?"

"Mimi," Jicho akasema, "na iko sawa." Kwa sababu yeye aliona sawa. Aliona weupe mtupu, na machozi yakimlenga.

"Hii mimi sikuigusa, baba," Kope akasema.

"Hii? Una maana gani, hii?"

Kope angeweza kunyamaza. Alimtazama shangazi yake, akaona uso uleule wa asubuhi, kidevu juu. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Zingine zote nimekuwa narekebisha mimi. Muda mrefu. Shangazi haoni."

Sasa mtu mwenye utu angeishia hapo. Bosi hakuwa amejaaliwa huo. Akachukua vifuniko viwili, kimoja cheupe, kimoja cha rangi ile ya siagi, akamsimamisha dada yake juani mbele ya mwalimu na mafundi, akavipandisha juu. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Haya, Jicho. Kipi cheupe?"

Jicho akatazama. Akanyoosha kidole.

Wakacheka. Bosi akavibadilisha mikono nyuma ya mgongo kama anavyofanyiwa mtoto na peremende, akaviinua tena. Akanyoosha kidole tena, na tena wakacheka. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyesema, "Basi, inatosha," lakini hata yeye aliisema akitazama mlango wa gari lake. Machozi yalikuwa yanamshuka Jicho mpaka kwenye aproni. Yalikuwa machozi ya mwanga, yangetoka hata kama angekuwa anacheka. Watu wakadhani analia, naye akaona heri wadhani hivyo. Jioni Kope alimletea nyumbani pochi na kigoda chake.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na aliyeumbuliwa hana tena cha kuficha. Jicho akaenda kliniki peke yake, akasema yote. Daktari yule mpole akammulika, akampeleka kwa mtaalamu wa macho, na jibu likaja: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kidonge kinaweza kumleta, wakamwambia, na umri nao huchangia. Anatolewa kwa upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Habari zilipofika gereji fundi bodi akatangaza kwamba Jicho kajifungua uzeeni, mapacha.

"Na kidonge tutakubadilishia," daktari akasema. "Kwa umri wako kipo kingine. Viungo vitakuuma zaidi, lakini macho yako hakiyasumbui namna hii. Mama, ungesema mapema tungebadilisha mapema."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Jicho alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameshika mfuko wa dawa. Maneno mawili tu yangetosha, naye aliyazuia kwa sababu ya kiti cha pembeni.

Jicho la kwanza likafanyiwa, kisha la pili. Bandeji ilipotoka alirudi nyumbani akasimama mlangoni kama mgeni. Ndoo aliyoijua ya kijivu ilikuwa buluu. Buluu kali, ya kuumiza! Aliketi sakafuni akaikumbatia. Kisha akafungua kabati, akaona nguo zake nyeupe zote zimegeuka manjano, alizokuwa akivaa mbele za watu akijiona nadhifu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia.

Akavaa ya kijani, akabeba kigoda, akaenda gereji.

Bosi alimpokea vizuri, na uzuri wa Bosi ni wa kuogopa. "Karibu, dada! Umependeza. Macho yako yamekuwa kama ya kwanza."

"Nimekuja kazini."

"Ah, dada. Kazi ina mwenyewe sasa. Kope anatuwekea rangi, na wewe umechoka, umeugua. Uje tu ukae. Chai utaletewa." Akamgonga bega, upande ule uliokatwa, akaenda.

Pale uani palikuwa na basi, kijani iliyoiva karibu na nyeusi, ubavu wake umenyooshwa unangoja rangi. Ni la tajiri wa mabasi, fundi bodi akamnong'oneza. Ameleta hili moja kujaribu. Likimpendeza analeta yote, lisipompendeza basi na jina la gereji analitembeza barabara zote anazopita. Bosi hakulala siku kadhaa. Tajiri anakuja leo mchana.

Kope alikuwa mezani, ndani, ukutani karibu na mapipa ya thina, palepale Jicho alipoisukumia meza ile. Alimwona shangazi yake akasimama. Akafuta mikono. Akaja na kifuniko mkononi, rangi mbichi juu yake, na kati ya meza na mlango ulipo mstari wa jua unaopenya kwenye mabati, kifuniko kikakatiza. Muda wa kupepesa tu.

Jicho aliona. Kivulini ile ilikuwa kijani ya basi kabisa, huwezi kuzitenganisha. Rangi za kila siku zilikuwa zimemsamehe Kope kivuli chake, lakini kijani iliyoiva haisamehi. Juani ikaruka nyekundu, kahawia kabisa, kama mboga iliyolala. Ukubwa wa ubavu wa basi.

"Shangamoo, shangazi," Kope akaanza, ulimi ukamteleza kwa woga, akajisahihisha, "shikamoo."

"Marahaba."

"Nimefurahi umepona." Macho yalimjaa, na yake yalikuwa machozi ya kweli. "Maneno ya siku ile... mimi pia sikutakiwa kusema mbele za watu. Nisamehe. Hii ni kazi kubwa, baba amenikalia shingoni. Nimeipima kivulini vizuri, kama ulivyonifundisha. Nitazamie tu. Iko sawa?"

Jicho akakishika kifuniko. Mikono ya Kope ilikuwa na harufu ya thina na sabuni, ileile iliyomshikia beseni. Alilikumbuka beseni. Aliukumbuka mgongo wake ukioshwa taratibu. Akakumbuka pia vifuniko viwili juani na kidole chake mwenyewe kikinyooka, na sauti ya huyu mtoto isiyopanda ikisema shangazi haoni. Neno moja lilitosha: toka nacho nje. Hata mtoto wa miaka mitatu angeona.

"Iko sawa, mwanangu," akasema. "Puliza."

Kope akambusu mkono, akakimbia kumwita baba yake.

Jicho akachukua kigoda chake, akakiweka mlangoni, pale pa zamani, uso kwenye jua lisilomuumiza tena, akakaa kungoja basi litoke nje.